Taa ya kichujio cha masizi inarudi kila ikizima. Je, kweli kichujio kimekufa?

Mama_Dizeli

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela ya kichujio kipya cha masizi, hiyo DPF.

Gari langu ni dizeli ya lita 2.0, komoni reli, lina turbo, gia za kukanyaga klachi. Limetembea kilomita 168,000. Ilianza taa ya njano yenye mchoro wa kopo lenye vitone ndani. Kitabu cha gari kinasema ikiwaka hiyo niingie barabara kuu nikaendeshe mwendo mfululizo mpaka izime. Nikafanya hivyo, ikazima. Ikarudi. Nikafanya tena, safari hii haikukaa, ikarudi na mwenzake: taa ya injini, na ile ya koili ikawa inawaka na kuzima. Tangu hapo gari halina nguvu kabisa. Halivuki mizunguko 3,000 hata nikanyage mafuta mpaka chini, na kupanda mlima ni gia ya pili na dua.

Gereji walichomeka mashine ikatoa kodi P2463, yaani namba ya hitilafu. Fundi hakufungua hata boneti. Akasema kichujio kimejaa, kinunuliwe kipya. Nikamuuliza kimejaa kwa sababu gani, akanijibu dizeli ndivyo zilivyo.

Mengine niliyoyaona, sijui kama yanahusika:
- Nikizima gari mara nyingine feni inaendelea kuvuma kwa nguvu, na kuna harufu kama ya pasi iliyosahaulika.
- Mafuta linakula kuliko zamani.
- Hita ya ndani inatoa uvuguvugu tu, hata nikiwa nimeendesha muda.
- Oili kwenye kijiti iko juu ya alama ya mwisho, na hakuna aliyeongeza.

Mshale wa joto haujawahi kupanda, kwa hiyo injini haichemki. Uko kama kawaida, labda chini ya katikati kidogo. Safari zangu nyingi ni fupi. Ninacho kile kisomaji kidogo cha blutuuthi kinachoongea na simu. Nianzie wapi?

Kanyaga_Twende

Dada usijisumbue. Fungua hicho kichujio, toboa ndani pabaki bomba tupu, atafutwe mtu wa kompyuta akiondoe kwenye programu. Nguvu zinarudi siku hiyohiyo. Vichujio ni vya watu wa mazingira, injini haivihitaji.

Spana_ya_Kumi

Dada, usinunue kichujio na usitoboe kitu. Orodha yako ya "sijui kama yanahusika" ndiyo imenifanya niandike, maana jibu lako karibu lote limo humo. Kaa chini, nitaandika marefu.

Kwanza P2463 yenyewe. Inasema masizi yamelundikana kwenye kichujio kupita kiasi. Basi. Haisemi kichujio kimeharibika, na haisemi kwa nini masizi hayakuchomwa. Kuna P2002, hiyo ndiyo inatilia shaka kazi ya kichujio chenyewe. Kuna P2453, inayohusu sensa ya presha. Fundi aliyesoma P2463 akaandika bei ya kichujio amesoma nusu ya sentensi.

Kichujio kinafanyaje kazi? Moshi unalazimishwa kupita kwenye kuta za vinyweleo, masizi yanabaki. Kompyuta inapima tofauti ya presha kabla na baada ya kichujio, na pia inakisia kwa hesabu zake. Ikiona mzigo umefika kiwango fulani, inaanza kuyachoma: nozeli zinarusha dizeli ya ziada kwa kuchelewa, dizeli hiyo inaungua huko kwenye mfumo wa moshi, na joto ndani ya kichujio linafika nyuzi 600 hivi. Masizi yanageuka gesi. Kinachobaki ni majivu kidogo yanayotokana na oili, na hayo hayaungui kamwe.

Sasa ile feni na harufu unayoisikia ukizima gari: umezima katikati ya uchomaji. Ndiyo maana mafuta yanaliwa, kwa sababu gari linaanza kuchoma, linakatizwa, linaanza upya. Ndiyo maana oili imepanda pia. Ile dizeli ya kuchelewa haiungui yote kwenye bomba, nyingine inashikamana na ukuta wa silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Uchomaji ukikatizwa mara kwa mara, oili inakuwa uji mwepesi. Hapo ndipo nakuomba usiendeshe gari hilo ila kwa lazima. Beringi za turbo zinaelea juu ya oili hiyo, na oili ikizidi sana injini ya dizeli inaweza kuanza kuivuta na kuiunguza yenyewe, ikapanda mizunguko hata ukitoa ufunguo. Mara moja nimesimama karibu na gari lililofanya hivyo. Watu waliacha spana wakakimbia.

Swali la pili: kwa nini uchomaji haumaliziki? Safari fupi ni sababu moja, na wengi huishia hapo. Lakini wewe ulikwenda barabara kuu kama kitabu kilivyosema, na taa ikarudi haraka zaidi. Hapo nasita. Na umesema hita ni ya uvuguvugu, na mshale uko chini ya katikati.

Injini yako haichemki, kweli. Mimi nahofia haipati joto. Kompyuta hairuhusu uchomaji kama maji ya injini hayajafika joto fulani, na yakishuka katikati ya kazi inasitisha. Kila gari lina kiwango chake, ila nyuzi 60 na kitu kwenye barabara kuu hazitoshi kwa dizeli yoyote ninayoijua. Na usiuamini mshale wa dashibodi. Katika magari mengi umepangwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto ili dereva asihangaike, kwa hiyo ukiuona umeshuka hata kidogo, joto lenyewe limeshashuka sana.

Fanya vipimo hivi kwa kisomaji chako, ukiwa na daftari:

Asubuhi gari likiwa limelala baridi, washa swichi bila kuwasha injini. Soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanatakiwa yakaribiane. Yakitofautiana sana, sensa mojawapo inadanganya na vipimo vyote vya joto utakavyochukua havina maana. Hapohapo soma presha ya kichujio kama kisomaji kinaionyesha. Injini imezimwa, hakuna moshi unaopita, kwa hiyo lazima iwe sifuri au karibu na sifuri. Soma na presha ya manifoldi, yaani bomba la hewa inayoingia kwenye injini: inatakiwa ilingane na hewa ya nje, kilopaskali 100 hivi kama hauko juu milimani.

Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Soma presha ya kichujio tena. Kichujio safi kwa kawaida kiko chini ya kilopaskali 1.

Injini ikiwa bado inapata joto, maji yakiwa kama nyuzi 40, shika hozi kubwa ya juu inayokwenda rejeta. Mikono mbali na feni na mkanda! Kwenye injini nyingi hozi hiyo inatakiwa ibaki baridi mpaka themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta injini ikiwa baridi, ifunguke, nyuzi 80 na kitu huko. Ikianza kupata joto mapema, themostati imekwama wazi na maji yanazunguka rejeta muda wote.

Mwisho, safari moja tu ya barabara kuu, mwendo wa kawaida, mtu mwingine ashike simu asome joto la maji. Wewe endesha.

Na angalia kwa macho zile hozi mbili nyembamba zinazotoka kwenye sensa ya presha kwenda mbele na nyuma ya kichujio. Ziko karibu na joto kali, hupasuka, huyeyuka, huziba kwa masizi. Nimeona vichujio vizima vikitupwa kwa sababu ya hozi iliyochanika.

@Kanyaga_Twende, nchi nyingi zenye ukaguzi wa moshi hazipitishi gari lililotobolewa, na kwingine ni kosa la kisheria. Lakini tuache sheria. Ukitoboa gari hili, themostati kama ndiyo mbovu itabaki imekwama, injini itabaki baridi, itazidi kutoa masizi, na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, itaziba. Utakuwa umeondoa shahidi, mwizi yupo.

Koili_Moto

Nachangia kuhusu ile taa ya koili tu. Wengi wanadhani inahusu hita plagi basi, zile plagi zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha. Kwenye dizeli za Volkswagen na ndugu zake, ikiwaka mfululizo wakati wa kuwasha ni hita plagi zinapata moto, lakini ikiwaka na kuzima unapoendesha ni onyo la mfumo wa injini kwa jumla. Swichi ya taa za breki ikifa inaweza kuiwasha vilevile. Dada, hebu mtu asimame nyuma aone kama taa za breki zinawaka ukikanyaga.

Mama_Dizeli

Asanteni sana. Taa za breki zinawaka zote, nimehakikisha.

Fundi Spana, nimefanya kama ulivyoelekeza. Haya hapa kutoka kwenye daftari:

Asubuhi, swichi imewashwa, injini imezimwa: maji 24, hewa 23. Presha ya kichujio 0. Presha ya manifoldi 99.
Injini inanguruma bila mafuta: presha ya kichujio 2.9.
Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 gari limesimama: 11.
Hozi ya juu ya rejeta: simu ilisoma maji 41 na hozi tayari ilikuwa ya vuguvugu. Kabla ya 50 ilikuwa ya moto.
Barabara kuu: maji 64 mpaka 67. Kwenye mlima yalipanda 78, tulipoteremka yakarudi 63.

Hozi nyembamba za sensa ni nzima, nimezipapasa zote, moja imekakamaa kidogo lakini haina ufa.

Mshale wakati wote ulikuwa palepale, chini kidogo ya katikati. Nimeukasirikia.

Spana_ya_Kumi

Dada, ungekuwa gereji kwangu ningekuajiri.

Soma daftari lako pamoja nami. Maji na hewa vimekaribiana, kwa hiyo sensa ya joto inasema kweli. Presha sifuri injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo sensa ya kichujio nayo inasema kweli. Basi 2.9 ni ya kweli: kichujio kimejaa, hapo fundi wako hakukosea. Lakini hozi ya rejeta kupata moto maji yakiwa 41, na nyuzi 64 barabara kuu, hiyo ni themostati imekwama wazi. Kushuka ukiteremka kunathibitisha: injini haina mzigo, upepo unapiga rejeta, maji yanapoa kwa sababu hakuna wa kuyazuia.

Kuna kodi ya jambo hili, P0128. Kwako haikutokea, na sishangai. Kila kompyuta ina masharti yake ya kuiandika, na safari fupi mara nyingi hazitimizi masharti hayo. Kodi isipotokea haina maana kitu ni kizima.

Mpangilio wa kazi ni muhimu, usikubali fundi aubadilishe:

Anza na themostati na maji mapya ya kupozea injini (kulenti) ya aina inayotajwa kwenye kitabu. Maji yatolewe upepo vizuri. Halafu mwende barabarani, uone 85 mpaka 92 hivi, usiendelee mpaka uone.

Kisha oili. Ipo juu ya alama, kwa hiyo ishushwe kabla ya uchomaji wowote wa kulazimishwa. Usimwage yote kwanza ukaweka mpya ya bei, maana uchomaji utaichafua. Shusha mpaka alama ya kawaida tu.

Ndipo mtafute mwenye mashine inayoijua kompyuta ya gari lako. Hicho kisomaji cha simu hakitoshi hapa. Aangalie gramu za masizi zilizohesabiwa na kikomo cha gari hilo. Kikomo kikiwa kimepitwa, asilazimishe: masizi mengi mno yakishika moto kwa pamoja, joto linapanda bila breki na kichujio kinapasuka au kuyeyuka ndani. Hapo kinafunguliwa kikasafishwe nje. Kikiwa ndani ya kikomo, achome gari likiwa limesimama uwanjani, nje ya banda, pasiwe na majani makavu wala kitambaa chini ya bomba. Tangi liwe na zaidi ya robo. Mtu asiondoke.

Baada ya hapo sasa mwaga oili yote, weka mpya na filta yake. Oili iwe ya majivu machache, daraja la C la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), lile hasa kitabu kinalotaja, iwe C2 au C3 au jingine. Oili nzuri sana ya magari yasiyo na kichujio inaweza kuwa mbaya kwa hili, kwa sababu majivu yake yanabaki humo milele.

Hita plagi na EGR usiziguse kwa sasa. Kwa ushahidi ulioleta hazijashtakiwa.

Kanyaga_Twende

Mzee, sibishi, nauliza. Kwa hiyo injini ikiwa baridi inatoa masizi mengi NA haiwezi kuyachoma? Yaani inapigwa pande zote mbili?

Spana_ya_Kumi

Ndiyo, umeelewa vizuri. Kompyuta ikidhani injini bado inapata joto inaongeza mafuta kidogo, mwako unakuwa si mkamilifu, masizi yanaongezeka. Moshi nao hauna joto la kutosha kwa ile njia ya kimyakimya, ambapo kwenye safari ndefu masizi yanaungua yenyewe polepole kwa msaada wa nitrojeni dioksidi, moshi ukiwa nyuzi 250 hadi 400, bila hata kompyuta kuagiza. Njia ya kimyakimya imekufa, na njia ya kulazimisha inakatizwa. Kichujio kingekuwa kipya kingejaa vilevile, na baada ya muda mfupi dada angerudi kwa fundi yuleyule.

Na hivi vitu si vya jana. Peugeot walianza kuviuza kwenye 607 mwaka 2000, na Euro 5, kiwango cha moshi wa magari, ilipoingia Ulaya mwaka 2009 karibu kila dizeli ndogo mpya ikawa nacho. Fundi wa dizeli asiyejua kukihoji kichujio leo hii atauza vichujio tu.

Mama_Dizeli

Narudi na majibu, samahani kwa kukawia, themostati ilichelewa kupatikana.

Ya zamani ilipotoka tuliiona kwa macho: imefunguka na haijifungi, springi yake imechoka. Fundi niliyempata (si yule wa kwanza) alitaka kuanza na uchomaji "ili tuokoe muda". Nikamsomea maandishi ya humu. Alicheka, lakini alifuata.

Barabara kuu sasa maji yanakaa 88 hadi 90, hata nikiteremka. Hita ya ndani inaunguza! Mshale umerudi katikati kabisa.

Masizi kwenye mashine yake yalisoma gramu 34, akanionyesha kuwa bado yako ndani ya kikomo cha gari hili. Akashusha oili, akachoma tukiwa nje. Joto la moshi kabla ya kichujio lilipanda mpaka 610. Ilivuma sana, ikatoa moshi mweupe mwanzoni, nikaogopa, baadaye ukaisha. Presha ya kunguruma bila mafuta imetoka 2.9 ikashuka 0.7. Nikikanyaga 2,500 inasoma 3. Oili mpya imewekwa. Kodi zilipofutwa nguvu zilirudi, na taa zote tatu hazijawaka tena.

Maswali mawili ya mwisho. Bado naendesha safari fupi, nifanye nini isijirudie? Na ile hozi iliyokakamaa, niibadilishe?

Spana_ya_Kumi

Hozi badilisha, ni kitu kidogo na ikipasuka utaanza kufukuza kodi za presha. Hakikisha ya mbele inarudi mbele na ya nyuma nyuma, zikipishana sensa itasoma kinyume.

Safari fupi endelea nazo, gari ni la kutumia. Ila jifunze kutambua uchomaji ukiwa umeanza: gari likisimama injini ikinguruma, mizunguko inapanda kidogo kuliko kawaida, matumizi ya mafuta papo hapo yanaruka, feni inavuma bila sababu. Ukiona hayo na uko karibu na nyumbani, zunguka kidogo kwa mwendo wa wastani mpaka itulie ndipo uzime. Ukishindwa mara moja si neno, itajaribu tena. Ukishindwa kila mara ndipo oili inapopanda.

Kijiti cha oili uwe unakiangalia. Ikianza kupanda tena, usisubiri taa. Na mwambie fundi akague kama amerudisha hesabu ya kubadilisha oili kwenye kompyuta, kwa sababu wengi wanamwaga oili wakasahau hiyo, na baada ya wiki chache utaniletea taa nyingine humu.

Mama_Dizeli

Nimeangalia sasa hivi. Hakuirudisha. Nampigia.